Kosa la Mwenye Nyumba

Mara ya kwanza kumwona Fundi, alikuwa anabomoa ukuta wa mchungaji. Mchungaji mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani na tumbo la heshima, alikuwa ameujenga tangu asubuhi huku akiimba, kwa ajili ya familia moja ya huko Kibakwe ambayo nyumba yake ilichukuliwa na tope. Fundi aliteremsha timazi, akakitazama kile chuma kinavyoning'inia mbali na matofali kwa upana wa kidole, akarudi hatua moja nyuma, akaupiga ukuta teke. Kozi nne za matofali zikalala chini.

"Mchungaji," alisema, "ama uimbe, ama ujenge."

Mchungaji akachagua kujenga, na hatukumsikia akiimba tena mpaka lori liliporudi mjini. Mimi nilicheka. Nakiri mapema, msije mkadhani nilikuwa upande wa walioonewa tangu siku ya kwanza.

Tulimwita Fundi. Kundi letu lilikuwa na mafundi saba wenye vyeti, na hakuna hata siku moja mtu aliyeuliza ni Fundi yupi. Alikuwa na karakana Kizota, ya kufyatua matofali na kuchomelea fremu za madirisha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Alizaliwa wapi, na nani, sikupata kujua, na sikuona kama ingenisaidia. Watu ninaowasimulia habari zake huwa wananikatiza hapo. Wanataka niwaambie kwamba alifiwa na mtoto chini ya ukuta, au kwamba ujanani alijenga nyumba ikaua mtu, ndiyo maana akawa vile. Nawasikitikia. Watoto wake wanne wako hai na wamenenepa, mmoja anauza vipuri vya pikipiki, na nyumba alizojenga zote zimesimama. Alikuwa vile kwa sababu alikuwa vile.

Mwaka ule milima iliyo juu ya Kibakwe iliposhusha maji na tope kwenye vitongoji, watu wa Dodoma mjini tulikusanyana. Tulikuwa wa kanisani, wa msikitini, wanafunzi wa chuo, na wastaafu waliochoka kushinda nyumbani na wake zao. Kila Ijumaa asubuhi lori lilipakia saruji, bati na sisi pale karakana, na Jumapili jioni likaturudisha tumekuwa wekundu kwa vumbi. Hakuna aliyelipwa. Mimi ni fundi cherehani wa Makole, mjane, mwenye mdomo mwepesi. Nilikwenda kupika, na kwa wiki mbili za kwanza nilipika kweli. Kisha Fundi akagundua kwamba wanawake wa kule wananifungukia mimi mambo ambayo hawayasemi mbele ya wanaume wa lori, akaninyang'anya mwiko wa ugali.

"Mama Rukia, wapishi wapo. Wewe kazi yako iwe kuwaandaa hawa."

Kuwaandaa kwa nini, nitasema.

Nianze na mazuri yake, maana nikianza na mengine nitasahau. Fundi alikula wa mwisho, na alikula amesimama. Kila mtu akishashiba ugali wa mtama na mlenda, yeye ndiye alikuja kukwangua sufuria. Mwanafunzi mmoja alipopata homa, Fundi alimpa godoro lake na blanketi, akajilaza juu ya mifuko ya saruji siku tatu mfululizo, na alipoamka alikuwa mweupe mgongoni na hakuna aliyethubutu kumtania. Kuna kuku wa watu aliyeamua kuatamia mayai kwenye lundo letu la mchanga. Fundi akapiga marufuku lundo lile. Wiki tatu tukachota mchanga korongoni kwa ndoo, kichwani, kupanda mlima, tukimlaani yule kuku kimoyomoyo, na kila tuliporudi kule Fundi alikwenda kwanza kumchungulia kabla hajamsalimia mtu yeyote. Siku vifaranga walipototolewa alitembea akitabasamu mpaka saa sita mchana. Saa sita na nusu alimwambia mama mmoja aliyepoteza kila kitu kwamba mtu aliyejenga jiko lake namna ile hakustahili hata kupewa moto.

Shukrani hakuzitaka kabisa. Mzee mmoja aliyekabidhiwa nyumba alikuja na jogoo mkubwa, amemfunga miguu, amevaa koti lake la Krismasi kwa ajili ya tukio hilo.

"Fundi, mimi sina kitu. Pokea huyu."

"Ungeweka mawe kwenye msingi wako wa kwanza," Fundi alimjibu, "sasa hivi mimi ningekuwa kwangu nimejinyoosha. Rudi naye."

Mzee alirudi na jogoo wake amemkumbatia kifuani kama mtu aliyekataliwa posa. Wajukuu zake walikuwa wanatazama. Nilimwendea Fundi nikamwambia kwamba heshima ya mtu haiponi haraka kama ukuta. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwambia saruji inaota majani, kisha akaniuliza kama maji ya kuchanganyia yamefika.

Sasa niseme habari ya swali, kwa kuwa ndilo lililotufikisha hapa.

Kabla jembe halijagusa ardhi, mwenye nyumba alitakiwa kusimama katikati ya kifusi chake, pale palipokuwa mlango. Majirani walikusanyika, balozi wa nyumba kumi alikuwepo, na sisi wa kujitolea tulipanga mstari na sururu zetu. Fundi alivua kofia. Hapo ndipo alipouliza.

"Nyumba yako ilianguka kwa kosa gani?"

"Mvua, Fundi."

"Mvua ilifanya kazi yake. Nauliza kosa lako."

Tukasubiri. Ikiwa ni saa moja, tukasubiri saa moja, na jua la kule halina aibu. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa tembe, za miti na udongo, zenye paa bapa la udongo juu, na ni kweli kwamba yalikuwapo makosa. Mmoja alisema hakuweka mawe chini. Mwingine alisema kila mwaka aliongeza udongo juu ya paa lililovuja, mpaka likawa zito likawaangukia. Mwingine alikata miti ya ukingo wa korongo akachoma mkaa. Wakishasema, Fundi alijibu, "Vema," akavaa kofia, na kamba ya kupimia msingi ikavutwa. Waliosema hayo walikuwa wamezika watu wiki chache kabla. Baba mmoja alieleza habari ya nguzo iliyoliwa na mchwa, ambayo aliiona na kuipuuza, na nguzo hiyo ndiyo iliyolala juu ya wanawe wawili. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, akionyesha kwa mkono unene wa nguzo.

Mwanafunzi wa chuo aliandika kwenye daftari lake kwamba huo ni ushirikishwaji wa wanufaika. Mimi niliona ni ukatili. Niliona pia kwamba wale waliojibu walizitunza nyumba zao mpya kuliko macho yao, wakachimba mitaro bila kuambiwa, na masika yaliyofuata nyumba zilizojengwa na makundi mengine zilipasuka na zetu hazikupasuka. Nilijaribu kuyapatanisha mambo hayo mawili kichwani mwangu nikachoka.

Bibi mmoja kipofu alipoulizwa alijibu, "Kosa langu nimeishi sana." Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi.

"Hilo si kosa la ujenzi, bibi," Fundi alisema. "Lingine."

Akamsimamisha juani mpaka bibi akakumbuka kwamba mwanawe alikuwa akichimba udongo wa kusiriba palepale nyuma ya ukuta, shimo likabaki, maji yakakaa humo. Nyumba ilipokwisha, Fundi huyohuyo alimbeba bibi mgongoni, akamzungusha chumba kwa chumba akimshikisha kila pembe. "Gusa hapa, bibi. Hii ni lenta, mkanda wa zege, imezunguka nyumba nzima. Hapa dirisha, ukisikia upepo wa jioni ujue ni huku." Ilimchukua saa nzima, naye hakuharakisha hata kidogo. Nililia, na nikamchukia kwa kunifanya nilie kwa ajili yake.

Kazi yangu ya kuwaandaa ilikuwa hii. Siku moja kabla ya swali, niliketi na mwenye nyumba, nikasikiliza, nikachambua katika maneno yake lile kosa ambalo Fundi angelikubali, nikamwambia, "Kesho useme hili." Niliwaokoa wengi na jua. Nilikuwa hodari wa kazi ile, na nilijisikia, tena sana. Ilifika mahali wanawake walikuwa wanakuja wenyewe: "Mama Rukia, na mimi nitafutie kosa."

Debora alikuwa wa mwisho kwenye orodha yetu, Novemba ya mwaka wa pili. Mumewe alifia chini ya ukuta. Yeye alinusurika kwa kuwa alikuwa ametoka na mtoto mgongoni kwenda kufungua mbuzi waliokuwa wanalia. Alikuwa hajafika miaka thelathini, na yule mtoto, Sara, ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno. Walikuwa wanalala kwenye stoo ya shule, na mwalimu mkuu alikuwa ameshawaambia kwamba stoo inahitajika. Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya milima kila alasiri. Tulikubaliana kwamba safari hii hatutarudi mjini mpaka nyumba ya Debora ipigwe bati, kwa kuwa mvua ikianza lori halipandi tena.

Nilipoketi naye aliniambia, "Mama, mimi sina kosa. Nilimwomba marehemu tuhamie juu, karibu na kaka yake. Akakataa. Akasema maji ya korongo hayajawahi kufika pale tangu enzi za babu yake."

Ilikuwa kweli, majirani walijua. Nikaona kweli hiyo inatosha, nikamwacha aende nayo. Asubuhi yake akasimama kwenye kifusi akaisema.

"Marehemu hajengewi nyumba," Fundi alimjibu. "Nimeuliza kosa lako wewe."

Debora akanyamaza. Alinyamaza mpaka jua likasimama utosini, amemshika mtoto mkono, na mtoto akachoka akakaa juu ya matofali. Fundi akavaa kofia.

"Pakieni vifaa."

Mchungaji alimsihi. Balozi alimsihi. Mimi nilimfuata mpaka kwenye lori nikamwambia, "Fundi, mwanamke huyu ana siku chache tu mvua ije."

"Anazo," alisema. "Azitumie kufikiri."

Alasiri, lori likiwa limepakiwa lakini halijaondoka, nikaenda stoo ya shule. Nakumbuka Debora alikuwa anachambua mboga, na Sara anacheza na yale mabua yanayotupwa. Nikakaa chini.

"Debora mwanangu, liseme hilohilo, ila ligeuze. Sema marehemu alitaka kuhama, wewe ndiye uliyekataa. Ni maneno tu."

"Lakini si kweli, Mama."

"Mvua itamuuliza huyu mtoto kama ni kweli?"

Alichambua mboga kidogo. Kisha akaniuliza, "Niseme hivyo mbele ya shemeji zangu?"

Nilidhani anaona haya. Nikamwambia shemeji zake watafurahi kumwona ana paa. Hilo ndilo jibu nililompa, na nikatoka pale nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kesho yake alisimama tena. Alisema bila kutetemeka, "Mume wangu alitaka tuhame. Mimi nilikataa. Kosa ni langu."

"Vema," Fundi alisema, akavaa kofia.

Siku nyingine zote, baada ya neno lile, wanawake walipiga vigelegele. Siku ile hawakupiga. Kaka wa marehemu, mtu mrefu mwenye fimbo, aligeuka akaondoka, na watu wakampisha njia kwa namna ambayo sijawaona wakimpisha mtu mwingine. Sisi wa lori tulidhani wamezidiwa na uchungu. Mwanafunzi aliandika kwenye daftari lake kwamba jamii iliguswa.

Tulijenga kwa siku tisa. Katika nyumba zote za Fundi, ile ndiyo bora. Mawe ya msingi aliyapanga yeye mwenyewe moja moja, akilikataa hili na kuligeuza lile, mpaka yakafika kiunoni. Mlango aliupaka rangi ya buluu kwa kuwa Sara alilishika kopo la buluu. Mvua ilianza siku mbili baada ya bati la mwisho, na ndani ya nyumba ya Debora halikuingia hata tone. Tuliondoka tukiimba, na Fundi hakutukataza.

Niliambiwa baadaye, na mwanamke mmoja mzee wa kitongoji kile ambaye alishangaa kwamba sijui. Kwao, mtu akisimama mahali alipofia mtu, mbele ya ndugu wa marehemu, akasema kosa ni lake, huyo amekikubali kifo. Amekichukua. Hakuna kesi tena ya kuuliza, kinachobaki ni ndugu kuamua. Wale wote waliojibu kabla ya Debora walikuwa wamefiwa na watu wao wa damu, baba na wanawe, binti na mama yake, hivyo hapakuwa na upande wa pili wa kudai. Debora alikuwa ameolewa. Alikuwa mgeni kwenye ardhi ile, amesimama mbele ya wenye mtu wao, na mimi ndiye niliyempa maneno.

"Kwa nini hamkutuambia?" nilimuuliza yule mwanamke.

"Tungewaambiaje, mama? Mlikuwa wageni, mmebeba saruji."

Kabla ya mavuno ndugu walikaa. Mtoto akapelekwa kwa baba yake mkubwa, yule mwenye fimbo. Nyumba ilikuwa imejengwa kwenye ardhi ya marehemu kwa ajili ya mtoto wa marehemu, hivyo ikamfuata mtoto, na baba mkubwa akahamia humo na mkewe. Debora akaonyeshwa njia. Alipanga chumba karibu na soko la Kibakwe, akaanza kuuza nyanya, na kila Jumapili alinipigia simu. Hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, Fundi hawezi kuja akasema?

Maana wazee walikuwa wamemwambia hivyo. Yeye mwenyewe hawezi kulifuta neno lake, ila kama aliyemuuliza atakuja kusema kwamba neno lile lilikuwa la kulazimishwa, watakaa upya, na mtoto anaweza kurudi.

Nilikwenda Kizota. Fundi alikuwa anachomelea fremu, nikasubiri mpaka akavua miwani yake myeusi. Nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu, bila kujipunguzia. Alifunga karakana, akavaa shati safi, na tukasafiri pamoja. Njia nzima niliamini kwamba nilikuwa nimemkosea, kwamba chini ya ule ukali kuna mtu.

Walikaa mbele ya ofisi ya kijiji, wazee wa ukoo, balozi, baba mkubwa na fimbo yake. Debora alikaa chini upande wake, na Sara aliwekwa upande wa pili, kwenye mapaja ya mke wa baba mkubwa. Mimi nilisema kwanza. Nilisema kwamba maneno yale ni yangu, kwamba nilimfundisha, kwamba ukweli ni kinyume chake.

Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, yaani wewe ulimfundisha mtu kusema uongo juu ya aliyekufa?"

"Ndiyo."

"Na leo tukuamini lipi?"

Wakamgeukia Fundi. Kutoka pale tulipokaa unaweza kuziona nyumba zake kwenye miteremko, zimenyooka, na kila mzee pale alikuwa na mtu wake ndani ya mojawapo. Wakamwita baba.

"Baba Fundi, jibu alilokupa huyu binti, lilikuwa la kweli au la kufundishwa?"

Alivua kofia. Alimtazama Debora, kisha akazitazama zile nyumba.

"Mimi sijajenga nyumba juu ya jibu la uongo," alisema. "Jibu lilikuwa la kweli."

Ikaisha. Debora hakulia. Aliinuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akawaaga wazee kwa heshima mmoja mmoja, akarudi kwenye nyanya zake. Sara alikuwa amelala.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza. Sikumwuliza kwa adabu. Alisikiliza mpaka nikamaliza matusi, kisha akasema taratibu, "Mama Rukia, nikisema lile lilikuwa la uongo, na mengine je? Wale wote niliowasimamisha juani. Yule wa nguzo. Yule bibi. Nitawaambia niliwasimamishia nini?"

Hapo nilimwelewa. Kumwelewa kulinifanya nimchukie zaidi, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumchukia kama mtu asiyejua.

Tangu siku ile sikupanda lori. Kundi liliendelea bila mimi, na nikisikia habari zao nilikuwa nageuza mazungumzo. Yeye alikuja Makole mwaka jana, Novemba, peke yake, kwa miguu kutoka kituoni. Nilikuwa barazani napinda sare za shule. Alikuwa amekonda, suruali ameikaza kwa kamba ya katani, lakini mabega yalikuwa yamenyooka.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Huu ufa una muda gani?"

Alikuwa anautazama ukuta wangu. Nikamwambia una miaka. Akaupitisha kidole, akatikisa kichwa, akakaa kwenye kiti cha mteja. Alisema upande wa pili wa ile milima, vitongoji vitatu vimebebwa na maji ya msimu uliopita, na watu bado wako kwenye mahema yanayochanika. Saruji ipo. Bati zipo. Mafundi wapo.

"Tatizo, wanawake wa kule hawasemi. Nimewasimamisha, hawasemi. Wewe wanakufungukia. Njoo Ijumaa hii, mvua iko karibu."

Sindano ilikuwa imenaswa kwenye kitambaa, nikaiacha hapo. Nilimwambia nitakuja. Nitakuja hata leo jioni, ila kwanza apitie Kibakwe, asimame mbele ya wale wazee, aseme kwamba alimlazimisha Debora na kwamba jibu lilikuwa la uongo.

"Na nisiposema?"

"Siendi."

Alifikiri. Hakukasirika, na hilo lilinitisha. "Kwa hiyo watu walale nje mpaka mimi nikubali kosa langu."

Nilisikia nilichokisema. Nilikisikia vizuri sana, na bado nikajibu, "Ndiyo."

Alinitazama kwa muda, namna alivyokuwa akitazama ukuta ambao hakuutarajia kunyooka. Kisha akainuka, akakung'uta suruali.

"Sitasema," alisema.

"Basi siendi."

Alipofika getini akageuka, akawa kama mtu anayetaka kuniondolea wasiwasi. "Na yule mtoto usimhangaikie. Nilipita pale mwezi uliopita kukagua. Msingi safi, hauna hata ufa wa unywele. Nikamkuta anamwaga maji ya kuoshea vyombo ukutani, palepale chini. Nikamchapa kofi. Akalia, akaita mama, na yule mke wa baba mkubwa akatoka mbio akamkumbatia. Kwa hiyo ameshazoea. Mambo yametulia."

Akaenda zake.

Ijumaa lori liliondoka bila mimi. Mwanafunzi mmoja wa zamani alinieleza kwamba kule Fundi aliwauliza, wanawake wakatazama chini, akasubiri siku mbili kamili na kofia mkononi, kisha akapakia vifaa akarudi. Hawakujenga hata chumba kimoja. Mvua ilianza wiki ile ile. Mahema yalifanya nini sijauliza, na hakuna aliyekuja kunieleza.

Jumapili Debora alipiga. Nilimsikia amesogea mbali na kelele za soko ili asikie vizuri.

"Mama, nimesikia Fundi alikuja kwako. Kasemaje?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Nimekuwa na kipaji hicho siku zote, cha kumtafutia mtu maneno.

"Amesema alimwona Sara," nilimjibu. "Hajambo. Anakua vizuri."

"Mungu ambariki," alisema. "Ukimwona, mwambie nashukuru sana."